Zamda Hakufuta Neno

Abdala alikufa adhuhuri moja akiwa anafunga magogo ya mikoko, hana homa wala jeraha. Aliweka mkono kifuani, akakaa chini, akawa hayupo. Jua halijazama, alikuwa ameshazikwa. Zamani hizo ni za Mwingereza, miaka michache kabla ya vita vya Hitla.

Mkewe, Zamda binti Bwanaheri, mtu wa Ruaruke aliyeolewa Mohoro, akakaa eda. Alipoitoka tu eda, hata wiki haijapita, ikaja posa ya Mwinyimvua. Huyu alikuwa na mashamba ya mpunga kando ya mto, na hata watu wa serikali walimpigia hodi kwa adabu. Tena ndiye aliyekuwa akigombana na Abdala juu ya bonde ambalo Abdala alirithi kwa babake.

Zamda hakutaka kujibu kwa mshenga. Akajitanda kaniki yake, akaenda mwenyewe mchana kweupe kukataa. Alipofika uani kwa Mwinyimvua akasikia vinu vikitwangwa, akachungulia. Waliokuwa wakitwanga mpunga ni wanaume peke yao, kimya, hakuna hata mmoja aliyekuwa akitoka jasho. Mmoja alimpa mgongo. Mgongo ule Zamda alilala nao miaka yote ya ndoa yake. Akatazama chini, akaona mguu wa kushoto hauna kidole kidogo. Kidole hicho cha mumewe kilikatwa na shoka kule mikokoni.

"Baba Tabu," aliita, kwa jina la mtoto wao aliyefariki mchanga.

Yule mtu hakugeuka. Mwinyimvua ndiye aliyetokea mlangoni. "Huyo bubu," akasema. "Nimemtoa Kilwa. Karibu ndani, bibi."

Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, Zamda alisimama njiani akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwinyimvua ni mchawi. Mume wangu hakufa. Amemfanya msukule, anamtwangisha mpunga."

Maneno hayo kila mtu Mohoro alikuwa amewahi kuyanong'ona juu ya maiti wake. Kuyasema mchana lilikuwa jambo jingine. Mwinyimvua akaenda kushtaki, na Zamda akaitwa barazani.

Bwana Shauri aliyekuja kuhukumu alikuwa Mwingereza kijana, Kiswahili anakijua vizuri. Baraza lilijaa hadi nje.

"Unakubali ulisema maneno haya?"

"Nakubali."

"Sheria inakataza kumwita mtu mchawi. Yafute mbele ya watu hawa, umtake radhi Mwinyimvua, kisha uende nyumbani."

"Sifuti."

Mwinyimvua akainuka taratibu. "Bwana, huyu amefiwa. Huzuni imempanda kichwani. Sitaki afungwe. Anitake radhi tu, mimi nitamtunza."

"Mie si wa kutunzwa nawe," Zamda akasema. "Mie mke wa mtu. Weye umeleta posa kwa mke wa mtu."

"Una shahidi?" Bwana Shauri akauliza.

"Ninaye. Yuko kinuni kwa huyu. Mwite."

Bwana Shauri aliona hiyo ndiyo njia fupi ya kuumaliza upuuzi. Akatuma askari. Waliporudi, waliokuwa mlangoni walirudi nyuma bila kuambiwa. Mtu waliyemleta alikuwa ametapakaa pumba mwili mzima, ananuka udongo mbichi. Nzi walitua machoni pake, naye hakupepesa. Mikono yake mitupu ilikuwa ikipanda na kushuka, kama bado imeshika mchi.

"Jina lako nani?"

Yule mtu akafungua kinywa. Zikamwagika pumba, nyingi, kavu, zikalundikana miguuni pake. Ulimi haukuwamo.

Bwana Shauri akaligeukia baraza. "Nani anamjua mtu huyu?"

Baraza zima lilimjua. Mwinyimvua akageuka akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akainamisha uso.

"Mlikula ubwabwa wa matanga yake," Zamda akawaambia. "Leo hamumjui?"

Kisha Sadala, mzee aliyekuwa akiosha maiti pale mjini, akajikokota akasimama.

"Mimi namjua," akasema. "Nilimwosha kwa mikono yangu. Pale palipokatika kidole nilipapitisha pamba. Huyu ni Abdala. Mwinyimvua, nitazame utakavyo, nimeshasema."

Bwana Shauri akagonga meza. "Mtu hawezi kuwa kaburini na hapa. Tutafukua. Maiti akiwamo, shauri limekwisha."

Shehe wa msikiti alipinga kufukuliwa kaburi la Mwislamu, lakini amri ilikuwa imetoka. Wakaenda wote makaburini, yule bubu akiongozwa na askari. Mwanamume mmoja akamwambia Zamda arudi, wanawake hawaendi huko.

"Kilichomo mle ni changu," akajibu, akapita.

Walichimba hadi wakafika kwenye sanda. Mafundo yalikuwa yale yale aliyoyafunga Sadala, na ni Sadala aliyeyafungua. Ndani mlikuwa na shina la mgomba, urefu wa mtu, bichi kabisa, linachuruzika maji. Kwenye kichwa chake lilikuwa limechipua jani changa, limejikunja, jeupe kwa kukosa jua.

Mchimbaji mmoja akarudi nyuma kwa hofu, jembe likamponyoka likalikwaruza lile shina. Juu, kando ya kaburi, yule bubu akaguna. Begani pake ngozi ilikuwa imepasuka mstari mrefu. Haikutoka damu. Yalitoka maji, kama ya mgomba.

Waliporudi barazani, Bwana Shauri alifungua daftari lake. Kisha akasema kwa haraka, bila kumtazama mtu, kwamba maiti ameibwa na wezi wasiojulikana, na bubu huyu ni mtu asiyejulikana.

"Siwezi kuandika kwamba mfu amesimama mbele yangu," akamwambia Zamda, safari hii kwa sauti ya chini. "Wakubwa wangu watasema nimerukwa na akili. Nisaidie. Futa lile neno, niandike kwamba mmepatana."

"Andika au usiandike, ni juu yako. Umeona kwa macho yako. Neno sifuti, na mume wangu naondoka naye."

"Basi ni kifungo cha miezi miwili."

"Nitakitumikia. Kwanza nampeleka mgonjwa nyumbani."

Akamshika yule mtu mkono. Ulikuwa wa baridi, bado unapanda na kushuka, ukimvuta na yeye. Wakafika karibu na mlango.

"Wewe," Mwinyimvua akaita kutoka nyuma. "Rudi kazini."

Miguu ikageuka. Zamda alivutwa hatua kadhaa, sakafu ikimkwaruza nyayo, na nguvu zile hazikuwa za mtu. Akamkumbatia kwa mikono miwili. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita mumewe kwa jina, si ndani wala mbele za watu. Sasa alilitamka.

"Abdala," akasema. "Twende nyumbani."

Mikono ikashuka, haikupanda tena.

"Mzuieni," Bwana Shauri akaamuru. Askari wa mlangoni, Mndengereko wa huko huko, alimtazama Abdala, akamtazama Zamda, akasogea kando. Nyuma yao watu walikuwa wameinuka wote, wamejaa kati ya meza na mlango, na Mwinyimvua alipotaka kupita hakupata pa kupitia.

Asubuhi yake wanawake wengine walikwenda uani kwa Mwinyimvua, kila mmoja na jina la maiti wake mdomoni. Mama mmoja alimwita Shaabani, mwingine alimwita Mtoro. Michi ikaanguka mmoja mmoja. Mwinyimvua alijifungia chumbani siku nzima akisikiliza vinu vyake vikinyamaza, na baada ya hapo hakuonekana tena Mohoro. Mpunga wake ulioza shambani. Ndege walikula, hakukuwa na mtu wa kukaa kwenye dungu kuwafukuza.

Abdala hakuwahi kusema neno. Alikunywa maji, akakaa mlangoni juani. Alfajiri moja alimwegemea mkewe, akatoa pumzi ndefu, na safari hii alikufa kifo cha haki. Sadala alimwosha tena. Kabla sanda haijafungwa, Zamda aliufunua uso, akautazama mpaka akaridhika.

Akaanza eda upya. Askari alipokuja kumchukua, alimjibu akiwa ndani: "Mwambie Bwana wako niko edani. Nitakuja."

Alipotoka eda alikwenda mwenyewe hadi barazani, amebeba mkeka wake kichwani. Bwana Shauri akauliza, "Hata sasa hufuti?"

"Hata sasa."

Akaonyeshwa chumba cha wafungwa wanawake. Akauliza upande gani hauvuji, akatandika mkeka.