Tende za Dua

"Mama Waleed, hizo tende nazo si sukari?" Jumwa, jirani, aliwahi kumuuliza Bushra.

Bushra alicheka. "Tende ni sunna, mwenzangu. Zitamdhuru vipi?"

Chai ya sukari alishamkataza mwanawe tangu apimwe hospitali ya Garsen na kukutwa na kisukari. Lakini kila asubuhi alimwekea tende saba, na jioni saba nyingine, akizisomea dua.

Leo Waleed alirudi kutoka hospitali alikopeleka kidonda chake cha mguu. "Mguu wataukata, mama. Daktari kaniuliza nala nini. Nilipotaja tende, akaweka kalamu chini."

Bushra alimsogezea kisahani cha tende. "Kula, mwanangu. Pengine dua nilizisoma haraka."

Waleed alikitazama kisahani. Akashika fimbo yake, akajikokota hadi mlangoni, akatoka.