Dada Dubu Anabisha Hodi

Pale kwenye chama cha kuwasaidia wanawake wapendanao hakuna aliyeitwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote waliojitolea walipewa majina ya wanyama au ya vyakula, kwa sababu wengi wao nyumbani hawajasema kitu. Mama yeyote wa mji ule wa Kaohsiung akisikia bintiye anashinda na watu wa aina hiyo, hata kama ni kuwapeleka hospitali tu, nyumba haikaliki. Ruolan aliitwa Biringanya tangu siku aliyofika na sweta la zambarau. Mkuu wao aliitwa Dada Dubu. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua, na kuuliza kulikuwa utovu wa adabu. Hata mpenzi wako hukuruhusiwa kumwambia unajitolea wapi. Wote waliapa.

Ruolan alimpenda Dada Dubu kupita kiasi, na wala simlaumu. Baba yake alipomfukuza na kumrushia nguo barabarani, ni Dada Dubu aliyekuja na pikipiki kumchukua, akampikia supu ya tangawizi na kumlaza kwenye kochi la chama. Ndiye aliyemfundisha kazi pia. Mtu aliyepigwa, alimwambia, usimuulize alifanya nini hadi akapigwa. Mwamini kwanza.

Mchana huo Ruolan alikuwa na mgeni, msichana muuza maua aitwaye Yun-hsi, mwembamba, mwenye miwani, taya limevimba upande mmoja. Nesi wa hospitali ndiye aliyempa namba ya chama. Alikuwa amepigwa na mwanamke anayeishi naye, Mei-hsuan, mwalimu, ambaye jioni nyingi husema anakwenda kufundisha tuisheni.

Chama kina nyumba ya siri juu ya duka la maziwa ya soya. Kanuni yake ni nyepesi: kabla hamjaingia, mwombe mgeni picha ya mtu anayemkimbia, uijue sura yake. Mkishaingia, mjulishe mkuu mlipo. Lakini Yun-hsi alikuwa anatetemeka hata ngazi zinamshinda, na Ruolan akaona picha itasubiri. Alimkalisha, akampa chai ya maziwa, kisha akamwandikia Dada Dubu: "Mgeni wetu Yun-hsi kafika salama. Nyumba ya juu ya soya, chumba cha nyuma."

Jibu lilikuja papo hapo. "Hongera, Biringanya. Nakuja mwenyewe."

Ruolan akafurahi kama mtoto. Mkuu haji kwa kila mgeni.

"Sasa nionyeshe picha, mdogo wangu," alisema. "Nimjue huyo shetani."

"Usimwite shetani. Ana siku zake nzuri." Yun-hsi alimpa simu.

Kwenye picha alikuwa Dada Dubu. Alikuwa ameshika kipande cha keki na anacheka, na kile kishimo chake cha shavuni kinaonekana.

 Ruolan aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Aliketi sakafuni na simu ya watu mkononi.

"Siyo huyu," alisema. "Umenipa picha nyingine."

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka mitatu, dada. Nitakosea sura?"

"Huyu hawezi kupiga mtu! Huyu ndiye..."

"Unamjua?" Yun-hsi alisimama. "Dada, unamjua Mei-hsuan?"

"Ni mkuu wetu."

"Mkuu wenu wa nini?"

"Wa hapa. Wa chama."

"Tuisheni!" Yun-hsi alicheka kicheko kibaya, cha kukata maini. Kisha akauliza, "Umemwambia niko hapa?"

Ruolan alitamani kusema uongo. "Nimemwambia," alisema. "Anakuja."

Aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Na bado, Mungu amsamehe, kuna kipande cha moyo wake kilichokuwa kinasema huenda binti huyu ana lake jambo, huenda wamegombana tu kama wanavyogombana wapenzi, Dada Dubu akifika ataeleza na wote watakunywa supu. Ndivyo mtu anavyojidanganya anapopoteza mtu anayempenda.

Pikipiki ilizimwa chini. Hatua zilipanda ngazi bila haraka, na mlango ukabishwa taratibu.

"Biringanya? Mie hapa. Nimewaletea wali na nyama, bado moto."

Sauti ilikuwa ileile ya kochi la chama, tamu, ya kumtuliza mgonjwa. Ruolan alijikuta ameshika kitasa.

"Fungua, mdogo wangu. Huyo ni mgonjwa, husema mambo. Nimemhangaikia sana. Nitampeleka nyumbani akapumzike, na wewe ukapumzike pia. Umefanya kazi nzuri."

Ruolan aligeuka kumtazama Yun-hsi. Hakuwa analia wala kuomba. Alikuwa amevua miwani, anaikunja taratibu, akanyoosha mkono na kuiweka juu ya kabati, mbali kabisa na ukingo, isije ikavunjika. Kisha akajikunja pembeni ya ukuta, mikono juu ya kichwa, akasubiri. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amezoea.

Mkono wa Ruolan ulitoka kwenye kitasa. Alifunga komeo, akaburuta meza mlangoni, akapiga simu polisi.

"Ruolan!" Sauti ya nje ilibadilika. Ruolan hakujua kwamba mkuu wake analijua jina lake la kweli. "Utawaambia nini? Ukiwaita, gazeti litapata la kuandika, na kila anayetuchukia atachekelea. Chama kitakufa. Utakiua wewe! Nani alikuokota barabarani?"

"Wewe," Ruolan alisema, machozi yanamtiririka. "Ni wewe, dada."

Mlango ulipigwa teke. Wali ulimwagika nje, bakuli likabingirika ngazini. Kwenye simu askari alikuwa anauliza kwa mara ya pili ni nani huyo anayetaka kuvunja mlango, mtu wasiyemjua au wanayemfahamu.

"Ni mwenzetu," Ruolan alisema, kisha akataja anwani.