Kigauni Kilichobana

Fundi cherehani huyu, jamani, ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Binti yake wa pekee aliposhika mimba baada ya miaka ya kungoja, mama akageuka askari wa tumbo lile. Asubuhi moja akamkuta anameza kidonge, akampokonya kopo zima.

"Madawa na mimba wapi na wapi? Unataka kuniulia mjukuu?"

"Mama, ni ya tezi ya shingo. Daktari kasema nisiache."

"Yeye kazaa wangapi? Mimi nilikuzaa bila kidonge, na tazama domo lilivyo!"

Wakacheka. Binti hakupenda kumuudhi mama yake, basi vidonge vikabaki kabatini. Uchovu ukamwelemea, uso ukamvimba, kiu haimwishi. Mama haoni hayo, anaona tumbo tu! Kila akiinuka kwenye cherehani humzungushia binti futi kamba kiunoni na kupiga kigelegele.

"Hili pande la mtoto hili!"

Akashona kigauni cha njano, mishono midogomidogo, kwa kipimo cha kichanga yeyote.

Kliniki, sukari ilikutwa juu. Mkunga akauliza habari za vidonge; binti, mama yake kando, akakiri kaviacha.

"Homoni ya tezi ikipungua, hatari ya kisukari cha mimba huongezeka," mkunga akasema. "Na sukari ya mama humnenepesha mtoto kupita kiasi."

Tangu siku hiyo mama mwenyewe ndiye aliyeleta kidonge na glasi ya maji, akisimama mpaka kimezwe. Lakini maji yalishazidi unga. Karibu na kujifungua, mtoto akaacha kucheza tumboni.

Alizaliwa mzuri, mnene, kimya.

"Ni vile vidonge nilivyompokonya?" mama akamuuliza mkunga ukumbini.

"Hakuna awezaye kujua kwa hakika, mama. Huenda."

Afadhali angetukanwa. Hiyo "huenda" ilimkaa kooni, haimezeki, haitemeki.

Akaomba amvishe mtoto yeye mwenyewe. Kigauni kikagoma mabegani. Yeye, fundi wa mtaa mzima! Akatoa wembe mkobani, akafumua mgongo wote, machozi yakilowesha kitambaa.

"Mama," binti akaita kutoka kitandani, "kimemtosha?"

Akamwinua mjukuu, kiganja kikiwa kimeziba pale palipofumuliwa.

"Kimemtosha, mwanangu. Kimemkaa vizuri."