Makapi ya Dawa Langoni

Jambo la kwanza aliloliona Yinhua lilikuwa dogo. Asubuhi moja ya baridi kali, akiwa kwenye foleni ya mikate ya mvuke, aliona kwamba kila aliyefungua kinywa alitoa moshi mweupe: muuzaji, mzee mwenye kizimba cha ndege, hata mbwa aliyelala chini ya meza. Yeye alipoomba mikate minne, maneno yalitoka makavu. Akapuliza kiganja chake. Kiganja kilibaki baridi kama kigae. Akachukua mikate yake, akaenda kazini.

Alifanya kazi kwa Daktari Ouyang, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye duka la dawa za mizizi karibu na daraja. Yinhua aliachia shule darasa la nne, kwa hiyo maandishi mengi kwenye zile droo mia mbili hakuyajua. Alizijua droo kwa harufu. Ukimtajia maganda ya nyenje au mdalasini, mkono wake ulifika kabla hujamaliza kutamka. Wagonjwa wengine walidhani ni bubu, naye hakuwasahihisha.

Alikaa na jambo lake siku tisa. Siku ya kumi daktari ndiye aliyemgundua, kwa sababu dirisha la upande wa Yinhua halikuwa na ukungu.

"Wee binti, hupumui?"

"Napumua, mwalimu."

"Mbona kioo hakina habari? Lete mkono."

Daktari akaweka vidole vitatu juu ya mshipa. Akausikiliza mkono wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka birika likachemka.

"Pumzi ya kuvuta hewa unayo," alisema. "Ile ya uhai ndiyo siioni. Inazaliwa vizuri tu, inapanda, ikifika hapa kwenye kiwiko inashika njia inakwenda zake. Inaelekea kaskazini. Una nani kaskazini?"

"Mdogo wangu, Shaoquan. Anasoma chuo."

"Yeye hajambo?"

Yinhua akatoa barua mfukoni, daktari akamsomea. Shaoquan aliandika kwamba ni mzima. Anaweza kusoma siku mbili mfululizo bila kuchoka. Akipumua nje hutoka mioshi miwili, mmoja mbele, mwingine nyuma yake, na wenzake wa bwenini wameshazoea. Mwishoni aliandika: "Dada, ule mayai. Nimekuota umekonda."

"Mtoto ana adabu," daktari alisema, akaikunja barua. "Sasa niambie. Alipougua udogoni, makapi ya dawa yake alikanyaga nani?"

Katika mji ule dawa ikishachemshwa, makapi ya mizizi yaliyobaki humwagwa njiani mbele ya lango, wapita njia wayakanyage na kuondoka na ugonjwa, kila mtu chembe isiyomdhuru. Shaoquan alipokuwa na miaka saba kifua kilimbana nusura afe. Mama yao aliyamwaga makapi kama kawaida, lakini theluji ilikuwa imefunga njia tangu alfajiri na hakupita hata paka. Yinhua, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ndio kwanza anatoka, begi la shule mgongoni.

"Kanyaga wewe," mama alisema. "Wewe mzima. Vua viatu, yaingie vizuri."

Alikanyaga peke yake, huku na huko, mpaka adhuhuri. Jioni Shaoquan akaomba uji. Yinhua alilala kitandani majuma matatu, na alipoinuka begi lilikuwa limeshapata mgongo mwingine, wa Shaoquan.

"Kosa hilo nimeliona mara mbili tu maishani," daktari alisema. "Ugonjwa wote kwa mtu mmoja, na njia ikabaki wazi. Kuifunga si kazi. Unywe dawa nitakayokupimia, makapi umwage langoni, yeye ayakanyage. Mara moja yatosha. Atakurudishia yako, atabaki na yake."

"Ataumwa?"

"Atachoka. Kama tunavyochoka wengine wote."

"Na nisipoifunga?"

Daktari alifungua droo ya tende nyekundu, akala moja taratibu.

"Maua ya plamu yakichanua mwaka huu," alisema, "yaangalie sana. Ya mwakani sikuahidi."

Shaoquan alikuwa anakuja nyumbani kwa mwaka mpya. Asubuhi ya kufika kwake Yinhua alimaliza bakuli la tatu la dawa, chungu kama nyongo, akayamwaga makapi mbele ya lango. Akaketi kizingitini na kapu la vitunguu saumu, akawa anamenya. Hakuwa amemenya hata nusu alipoiona mioshi miwili ikivuka daraja, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Mama akatoka na ufagio.

"Nani kamwaga..." alianza.

Aliyatazama makapi. Akakitazama kinywa cha bintiye. Kwa miaka kumi na minne, kila jioni, mama huyu alikuwa akificha yai moja la ziada chini ya tambi katika bakuli la Yinhua, na hakuna aliyelitaja kati yao.

"Mwezi wa tatu ana mtihani wa mwisho," alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja apite huo, mwanangu. Baada ya hapo."

Akafagia. Alifagia vizuri, kwenye kila ufa, akazoa, akamwaga kwenye mfereji.

Shaoquan akafika akipita juu ya mawe masafi, mashavu mekundu, mzigo begani.

"Dada! Nimekuacha unamenya vitunguu, nakukuta unamenya vitunguu. Hivi vitunguu haviishi?"

"Wala haviishi," alisema Yinhua, akacheka.

Shaoquan aliinama kumkumbatia, na ile mioshi miwili ikampitia Yinhua usoni. Mmoja aliutambua mara moja, kama mtu anavyolitambua koti lake mgongoni mwa mwingine. Ulikuwa na joto. Shaoquan akabeba kapu la vitunguu, akaingia ndani akiita kwamba ana njaa ya kula meza na viti vyake.

Mama alibaki langoni, anafagia palipokwisha kufagiliwa. Yinhua akasimama karibu naye. Alifungua kinywa, na hakikutoka hata uzi wa moshi.

"Hata mimi nilikuwa na mtihani, mama," alisema. "Siku ile ya theluji. Wa hesabu."