Riwaya Aliyoileta Mama Mapazia

Nyumbani kwetu riwaya haikai nzima. Mume wangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Yeye amestaafu, lakini mikono yake haijapata habari. Nikileta riwaya mpya, ninaanza kuisoma mimi. Nikishasonga mbele, anachukua kisu chake chembamba, anaufungua mgongo wa kitabu pale sura inapoishia, anachukua kipande cha mbele na kuniachia cha nyuma. Basi tunasoma kitabu kimoja kwa pamoja, mimi nimetangulia, yeye anafuata, na jioni tunazungumza. Tukimaliza anakishona, anakipaka gundi, anakibana katikati ya mbao mbili, na kinatoka hapo imara kuliko kilivyotoka dukani.

Kuchagua ni kazi yangu. Jengo zima linajua kwamba anayetafuta kitu cha kusoma agonge mlango wetu. Simpi mtu riwaya kabla sijamuuliza ni ipi iliyomshinda, na aliiachia wapi. Mlinzi wa geti nilimpa yenye sura fupi fupi, maana hamalizi ukurasa bila kupigiwa honi. Msichana wa duka la dawa aliniambia amechoka na mapenzi, nikampa ya mpelelezi mzee mwenye meno mabaya, na akarudi kuuliza kama huyo mpelelezi ana mke.

Mume wangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, daktari alimkataza ngazi. Nikawa natoka peke yangu. Siku moja nilirudi kutoka kumchukulia dawa, nikamkuta dirishani, mguu juu ya kigoda, anasoma. Kitabu kilikuwa kizima.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Mama Mapazia amekileta."

Mama Mapazia ndiye jirani yetu wa ghorofa ya juu, mjane aliyehamia karibuni. Anashona mapazia, na cherehani yake tunaisikia juu ya vichwa vyetu kutwa. Tulikuwa tumesalimiana tu kwenye ngazi, na sikuwa na neno naye.

"Kinahusu nini?"

"Aa, utakisoma mwenyewe," alisema, akafunua ukurasa. Halafu akacheka.

Sikuulizwa ningoje au nisingoje. Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu, na nilishukuru kwamba ni vitunguu.

Kesho yake akacheka tena. Nikamwambia, kama mtu asiyejali, "Si ukikate basi, tusome wote?"

"Kitu cha watu hiki, mama. Hakikatwi."

Jibu la haki kabisa, na ndilo lililoniuma. Mama Mapazia alipokuwa akishuka na vitambaa vyake, alichungulia mlangoni.

"Shikamoo mzee. Umefika kwenye harusi?"

"Marahaba. Bado, bado! Usiniambie!"

"Sisemi kitu. Ila ukifika hapo, shika kiti."

Wakacheka wote wawili. Nami nilikuwa katikati yao na ufagio, sijui harusi ya nani, sijui kiti cha nini. Nilicheka pia, kwa adabu. Mtu akikwambia ameona mdomo ukicheka na moyo ukinuna, mwamini.

Binti yetu alipopiga simu nilimweleza. Akaangua kicheko.

"Mama, una wivu! Mke mwenza ameingia na kurasa mia tatu!"

"Nyamaza wewe."

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Imo ndani ya chungu changu, ndiyo maana inaniwasha."

Nikaenda kwa muuza vitabu vilivyotumika, pale kwenye kona ya soko. Tumezoeana. Nilimwambia nataka riwaya itakayomfanya mtu aiweke chini aliyo nayo.

"Bibi, leo umekuja kununua au kupigana?"

"Vyote viwili."

Alinitafutia kwa moyo mmoja, akipanda ngazi yake mbovu na kupiga chafya kwa vumbi. Alinionyesha moja ya rubani aliyepotea jangwani. Nikakataa, mume wangu hapendi watu wenye kiu. Akanionyesha ya mapacha walioolewa nyumba moja. Hiyo niliisoma kurasa za mwanzo nimesimama, na nikajua. Ilikuwa na ugomvi, siri, na mzee mmoja mkaidi ambaye mume wangu angempenda. Muuza vitabu aliifungia gazeti ili isilowe, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza, na akanisindikiza na mwavuli mpaka barabarani.

Nilifika nyumbani kama mtu aliyebeba ushindi.

"Nimekuletea kitu," nikasema. "Mapacha wameolewa nyumba moja, na mmoja—"

"Weka hapo mezani. Nikimaliza hiki."

Hakuinua hata macho. Tangu anioe hajawahi kuniambia hivyo juu ya kitabu. Niliiweka pale mezani na gazeti lake. Usiku ule nilimpa dawa zake, nikamkanda goti, nikalala nimeuelekea ukuta.

Asubuhi nilishuka kununua mkate. Niliporudi, nilisikia ule mlio ninaoujua, wa gundi kavu ikiachia karatasi. Mume wangu alikuwa mezani na kisu chake. Riwaya ya Mama Mapazia ilikuwa vipande viwili.

"Baba! Umefanya nini? Si ulisema kitu cha watu?"

"Mkono umenitangulia." Alikuwa kama mtoto aliyevunja sahani. "Ni huyu mama mkwe kwenye harusi. Anavua viatu ampige navyo mpiga picha. Ni shangazi yako mtupu! Nimegeuka nikuambie, hupo. Huyu wa juu anacheka, sawa, lakini shangazi yako hamjui. Nitacheka na nani?"

Hapo nilitaka kufurahi, na kwa kweli nilikuwa nimeanza, lakini mlango ulikuwa wazi na Mama Mapazia alikuwa amesimama pale.

Aliangalia meza. Akaangalia kisu. Aliingia taratibu, akaokota kipande kimoja, akapitisha kidole pale palipokatwa, kama anavyokagua pindo.

"Umekata kwa mkono mzuri," alisema. "Hata karatasi haijachanika."

"Nitakishona, mwanangu," mume wangu akasema. "Naapa kitakuwa—"

"Najua. Mlinzi wa geti alishaniambia mambo ya nyumba hii na visu. Ndiyo maana nilikileta." Akanigeukia. "Lakini mama, mbona nasikia hujakisoma? Nilimwambia mzee akupe wewe kwanza. Nilisikia wewe ndiye mchaguzi, nikataka uniambie kama ni kizuri. Tangu nihamie natafuta njia ya kugonga mlango huu, na mikono mitupu naona aibu."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anafuta kisu ambacho hakikuwa na uchafu.

"Ni kweli?"

"Alisema kitu kama hicho."

"Kitu kama hicho!"

"Basi, ni kweli." Akaweka kisu chini. "Kila kitabu mimi nakuja nyuma yako. Nikifika pahala pa kushtuka, nainua macho, nakukuta umeshanikazia macho, unaningoja nishtuke. Unajua kila anayekufa. Nami nilitaka mara moja tu nijue kabla yako. Nilikuwa nakuonea wivu, mama. Haya, umefurahi?"

Mama Mapazia alijifanya anaangalia mapazia yetu. Ni mtu mwenye heshima.

Nilikuwa nimekaa na donge langu siku zote zile, kumbe mwenzangu amekaa na lake tangu tuanze kusoma pamoja, na hakuwahi kunisusia hata jioni moja. Nilivuta kiti cha pili nikamkaribisha jirani akae. Kisha nikanyoosha mkono, mume wangu akanipa kipande cha mbele.

Kilianza polepole, kwa kituo cha basi na mwanamke mwenye sanduku. Nilisoma. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nilipoinua macho, niliwakuta wote wawili wananitazama usoni bila kupepesa.

"Mnanitazamia nini? Harusi bado!"

"Endelea tu," akasema mume wangu, ameshaanza kutabasamu. "Hatusemi kitu."

Mama Mapazia akamkonyeza. Wivu ule ukanichoma tena, ingawa sasa ulikuwa mdogo. Nikainua kitabu juu, nikajifunika uso wote, ili huyo mama mkwe akifika wasipate kuona lolote.