Mti wa Beverly Usikauke

Beverly alipolazwa hospitali ya Homa Bay, siku chache kabla ya Krismasi, alinishika leso akasema, "Mama, msitoe mti mpaka nirudi." Nikamwahidi. Nani angekataa, na mtoto amelala pale figo zimegoma?

Sasa Januari ilikuwa imefika na mti ulikuwa unanifia sebuleni. Haukuwa mti kamili, ni tawi la saipresi nililonunua sokoni Rodi Kopany, nikalisimamisha kwenye debe la mchanga na kulipamba kwa baluni na pamba. Mabati yetu huanza kuchoma mapema asubuhi. Kila mwanamke sokoni alikuwa na dawa yake: tia sukari, tia panadol, tia soda. Nilitia zote. Nilikata upya kitako cha tawi ili linywe vizuri. Ndipo Bogonko, mume wangu, akagundua kwamba muda wote nilikuwa nikitia maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata sukuma wiki huyakataa. Nikamfokea kana kwamba ni yeye aliyeyachota.

"Nyakerario," akasema, "tuutoe tu. Mtoto hauoni."

Hauoni, lakini kila nilipoingia wodini swali lake la kwanza lilikuwa hilo: mti bado ni kijani? Nikimjibu ndiyo, anafumba macho ametulia. Nami nilishaamini kwamba mti ukikauka, mwanangu naye ataondoka. Niiteni mjinga. Niliogopa hata kufagia chini yake.

Majani yalipoanza kupukutika ovyo, nilichukua panga nikaenda kwa jirani, Mzee Willis. Huyo ni Msabato wa msimamo mkali, Krismasi haitambui kabisa, na Desemba aliwafukuza watoto waliokwenda kumwomba matawi. Ana ua mrefu wa saipresi, kijani mpaka unakera. Sikubisha hodi. Nilianza kukata mchana kweupe.

"Mama Bevy, unafanya nini kwa fensi yangu?"

"Nakata mti wa Krismasi. Ukitaka, nishtaki kwa chifu."

Panga lilikuwa limeshika utomvu.

"Krismasi si iliisha?"

"Kwa Beverly haijaisha."

Akaninyang'anya panga. Nikajiandaa kwa mahubiri. Badala yake alitembea kando ya ua, akachagua tawi lililonyooka, akalikata chini kabisa.

"Weka maji ya mvua, iko kwa tangi yangu," akasema. "Nyathi, huyo mtoto wako, anarudi lini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata Bogonko. Nikasema neno ambalo sikuwahi kulitoa mdomoni. "Daktari hajui kama atarudi."

Mzee Willis alinikabidhi tawi. Akautazama ua wake wote, mpaka kule barabarani.

"Basi hiyo ikikauka," akasema, "kuja ukate ingine."