Mgeni Aliyetoka Jukwaani

Kila Mudhi alipoingia mtandaoni simu ya nyumba ilishikika, maana waya ulikuwa mmoja, na mama yake akapiga kelele kutoka jikoni: "We Mudhi! Shangazi yako anapiga tangu adhuhuri, atadhani tumekufa wote!"

Mudhi alisomesha jiografia katika shule ya wasichana ya mji wa Unaiza. Jukwaa la mtandaoni aliloandikia lilianza na watu wachache wa mjini waliobishana kuhusu tende. Sasa lilikuwa na watu kutoka Maskati hadi Tanja, wakitukanana na kupeana pole kwa Kiarabu kilekile. Wanawake waliojitambulisha humo walitongozwa au kukaripiwa, basi yeye alijiita Dhami, mwenye kiu, akawa mwanamume.

Dada yake Hussa alipofariki katika uzazi pamoja na mtoto, Dhami aliandika shairi. Lilieleza siku yenyewe ilivyokuwa: mwanamke anavuja damu chumbani, dada mtu anagonga mlango wa sebule ya wanaume, baba anajibu, "Tuna wageni, subirini," na ufunguo wa gari umo mfukoni mwake. Halikutaja jina la mtu. Jukwaa zima lililia.

Alhamisi moja, baada ya alasiri, Dhami mwenyewe alitoka jukwaani, akabisha hodi mlangoni kwao. Alikuwa mrefu, kanzu imenyooshwa vizuri, na sauti yake ilikuwa ya Mudhi, ila nzito. Baba, Abu Sulaiman, alimkalisha kuliani kwake kwa heshima, kati ya wageni wake wa kila Alhamisi. Mudhi alichungulia penye upenyo wa mlango, akaona mgeni amekonda, akaongeza tende kwenye sinia.

Dhami akalighani shairi lile. Abu Sulaiman, ambaye makaburini hakudondosha chozi, alilia hadi kilemba kikalowa.

"Na huyo baba mtu," alisema akipenga kamasi, "Mungu asimrehemu! Binadamu gani yule?"

"Ni wewe, baba," Mudhi alisema nyuma ya mlango.

Wageni wakatazama vikombe vyao. Dhami hakuwa na maneno ila yale aliyoandikiwa.

"Mudhi, mwanangu," baba alisema kwa upole, "kahawa imepoa."

Jioni ile Mudhi alilifuta shairi. Lakini majukwaa mengine yalikuwa yamekwisha kulinakili, mengine hata hayakujua lilikotoka, na Alhamisi iliyofuata Dhami alirudi, amenawiri kidogo. Majirani nao wakaanza kuja kumtazama Abu Sulaiman akilia.

"Wallahi mzee huyu ana moyo laini," walisema wakivaa viatu. "Hasa kwa watoto wa kike."

Ulipoingia mwezi wa Shaabani, Abu Sulaiman aliona si adabu mshairi wa hadhi ile kuondoka kila jioni kwenda kusikojulikana. Akampa chumba cha Hussa. Kabatini mlikuwa na nguo za kichanga, bado zimekunjwa. Mudhi alizihamishia chini ya kitanda chake mwenyewe, kisha akarudi kumtandikia mgeni shuka safi.